Presha Kushuka Mashineni: Je, Ultrasaundi Inaweza Kutuonya Mapema?

Barua tatu za mwezi huu zinahusu jambo moja, yaani presha inayoshuka ghafla mgonjwa wa figo akiwa bado kwenye mashine ya kusafisha damu. Nimezijibu pamoja, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa zaidi kwa sababu imegusa shina la tatizo.

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 58, anaugua kisukari, na tangu mwaka jana anasafishwa damu kila Jumatatu na Alhamisi. Uzito wake mkavu, yaani uzito anaotakiwa kubaki nao maji ya ziada yakishatolewa, umewekwa kuwa kilo 62, lakini mara nyingi hufika kituoni akiwa na kilo 66. Saa mbili za mwanzo huongea vizuri na wenzake. Ikifika saa ya tatu huanza kupiga miayo, jasho linamtoka, kisha anasema macho yanaingia giza. Presha iliyoanza 150 kwa 85 hukutwa imefika 82 kwa 50, naye huinuliwa miguu na kurudishiwa maji ya chumvi mshipani. Wiki iliyopita daktari mmoja kijana alimpaka jeli tumboni kabla hajaunganishwa na mashine, akamtazama kwa kifaa kidogo cha ultrasaundi, akasema mshipa mkubwa umesinyaa na kwamba siku hiyo asitolewe maji zaidi ya lita 2.5. Kweli presha haikushuka, ila alirudi nyumbani miguu ikiwa bado imevimba. Naomba kuuliza: kifaa hicho kinajuaje kwamba presha itashuka kabla haijashuka? Na mshipa unawezaje kuwa mtupu ilhali miguu imejaa maji? — Binti wa mgonjwa, Morogoro

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu ukilielewa hilo, la kwanza litajijibu lenyewe.

Maji ya mwilini hayakai mahali pamoja. Kiasi kidogo tu kimo ndani ya mishipa ya damu; mengine yamo ndani ya seli na katika nafasi zilizo kati ya seli na seli. Figo zinaposhindwa kazi, maji ya ziada hujikusanya zaidi katika nafasi hizo, na ndiyo unayoyaona ukibonyeza mguu wa baba kwa kidole pakabaki shimo. Mashine haiwezi kuyafikia maji hayo moja kwa moja, kwani yenyewe huvuta maji kutoka kwenye damu tu. Mtu wa kilo 62 ana maji ya damu, yale yanayobaki ukiondoa chembe zake, yasiyofika lita 3, lakini baba hutakiwa kutolewa lita 4 kwa saa 4. Hilo huwezekana kwa sababu moja tu: kadiri mashine inavyovuta, maji ya miguuni na kwingineko hupenya taratibu na kurudi mshipani kuziba pengo. Kasi ya kuvuta ikizidi kasi ya kurudi, mishipa hupwaya. Aliyekulia penye visima vya kuchimba anajua kwamba kisima kikichotwa haraka kuliko kinavyotoa maji hukauka, hata kama udongo wote wa pembeni umelowa. Kwa mgonjwa mwenye kisukari ambaye protini ya damu yake imepungua, urudishaji huo huwa mzito zaidi, kwa hiyo miguu inaweza kubaki imejaa wakati mishipa inalia njaa. Niongeze pia kwamba baadhi ya dawa za presha, amlodipini ikiwemo, huvimbisha miguu zenyewe, na uvimbe wa namna hiyo hautolewi na mashine hata ikivuta kutwa nzima.

Sasa turudi kwenye kifaa. Damu ya mishipa ikianza kupungua, mwili haukubali kushindwa mara moja. Moyo huongeza mapigo, mishipa midogo inayopeleka damu hujikaza, na kipimo cha mkononi huendelea kuonyesha namba za kuridhisha kwa muda mrefu. Ndiyo maana muuguzi anaweza kupima 138, akaondoka, akarudi baada ya nusu saa akakuta 82. Namba ya mkononi ni ya mwisho kuonyesha upungufu. Mshipa mkubwa unaokusanya damu kutoka miguuni na tumboni kuirudisha moyoni, ambao wataalamu huuita vena kava ya chini, una ukuta mwembamba na hauna nguvu nyingi za kujikaza. Damu ikipungua, wenyewe hulala mapema. Huo ndio mshipa ambao daktari kijana alikuwa akiutafuta.

Kipimo chenyewe huchukua dakika chache na hakina mionzi ya kudhuru. Mgonjwa hulala chali, kichwa kimeinuliwa kidogo, kifaa huwekwa chini tu ya ncha ya mfupa wa kidari, na kwenye kioo mshipa huonekana kama utepe mweusi unaopita nyuma ya ini kuelekea moyoni. Upana wake hupimwa sentimita 2 hivi kabla haujaingia moyoni. Kisha mgonjwa huambiwa avute pumzi fupi kwa pua. Mimi huwaambia wanuse kama waliopita nyuma ya jiko siku ya pilau, na wote huelewa bila kurudiwa. Pumzi hiyo hunyonya damu kwenda kifuani, na mshipa hubana. Ukiwa hauzidi sentimita 2.1 na ukabana zaidi ya nusu ya upana wake, ni dalili kwamba shinikizo la damu inayorudi moyoni liko chini, hivyo akiba ni ndogo. Ukizidi sentimita 2.1 na usibane kufikia nusu, shinikizo hilo liko juu. Walio katikati ni wengi, na kwao picha peke yake haitoi uamuzi. Kwa baba yako, kabla hata tone moja halijavutwa, mshipa ulikuwa umeshasinyaa. Kumvuta lita 4 siku hiyo kungekuwa kuchota kisima ambacho tayari kinaonyesha tope. Daktari alifanya vizuri.

Hata hivyo nisingependa uondoke na imani kwamba kifaa hiki ni mtabiri. Tafiti nyingi zilizopima uwezo wa mshipa huu kubashiri kushuka kwa presha zilihusisha wagonjwa wachache, na majibu yake hayakulingana: baadhi ziliona mshipa mwembamba ukitangulia presha kushuka, nyingine ziliona uhusiano hafifu. Sababu haifichiki. Mshipa hujibu swali moja, kama damu inayorudi moyoni inatosha au haitoshi, lakini presha hushuka kwa sababu zaidi ya hiyo. Kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu inayoamuru moyo uongeze mapigo na mishipa ijikaze. Mtu wa namna hiyo huanguka kwa upungufu ambao mwenzake wa kitanda cha pili hata hausikii. Misuli ya moyo iliyokakamaa kwa presha ya miaka mingi huhitaji kujazwa vizuri ili isukume vizuri, na ukiipunguzia maji kidogo tu, inayumba. Kwa hiyo baba anahitaji pia ultrasaundi ya moyo wenyewe, ile inayoonyesha unavyojaza na kusukuma damu, na si mshipa wa tumboni pekee. Kama hajawahi kufanyiwa tangu aanze mashine, liulizeni hilo wiki hii.

Sasa chukua kalamu, maana kuna hesabu ambayo haihitaji kifaa chochote. Lita 4 ni mililita 4,000. Gawanya kwa kilo 62, kisha gawanya kwa saa 4: unapata takriban mililita 16 kwa kila kilo kwa kila saa. Uchambuzi wa takwimu za wagonjwa wengi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba waliovutwa maji kwa kasi inayozidi 13 walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko waliovutwa polepole, hasa kwa matatizo ya moyo. Lita hizo hizo 4 zikivutwa kwa saa 5, kasi inashuka hadi chini kidogo ya 13. Kwa saa 4, baba anapaswa kuja na ziada isiyozidi lita 3.2 hivi. Yaani kabla ya kumwekea jeli tumboni, karatasi ilikuwa imeshasema kwamba saa ya tatu itakuwa na miayo.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na uamuzi wa siku ile, si kwa kilichofanywa bali kwa kilichoachwa. Kupunguza lengo hadi lita 2.5 kulimwokoa baba siku hiyo, ila lita 1.5 zilizobaki zilirudi naye nyumbani, na maji yanayoachwa kila wiki huishia kwenye mapafu. Picha ilipaswa kufuatwa na mpango: kuongezwa saa, au siku ya tatu ya kusafishwa angalau kwa muda, na uzito mkavu kupimwa upya. Ninajua siku ya tatu ni suala la bima na nauli, na wagonjwa wetu wengi huishia mara mbili kwa wiki si kwa ushauri wa daktari bali kwa uwezo wa mfuko. Basi kilichobaki mikononi mwenu ni chumvi. Takriban gramu 8 za chumvi hulazimisha mwili kushikilia lita 1 ya maji, na mgonjwa aliyekula dagaa wa chumvi, ng'onda au mchuzi uliokolezwa kwa vidonge vya kiungo hawezi kushindana na kiu, hata umwekee kikombe cha kipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Anzeni na chumvi. Maji yatafuata yenyewe.

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni muuguzi katika kituo cha kusafisha damu. Tumepata kifaa cha ultrasaundi kinachochomekwa kwenye simu, na wauguzi wawili tumefundishwa kutazama mshipa mkuu na mapafu. Je, tupime wagonjwa wote, na tupime wakati gani? Namba ipi itatuambia kwamba mgonjwa huyu presha yake itashuka? — Muuguzi, Dodoma

JIBU: Ndugu muuguzi, namba moja ya namna hiyo haipo, na mtu akikuuzia, usinunue. Msipime wote. Anzeni na wale ambao daftari lenu linaonyesha walishuka presha katika mizunguko iliyopita, kwa sababu historia ya kushuka ni mbashiri mzuri na haigharimu jeli. Waongezeni wenye kisukari, wenye moyo dhaifu, na wale ambao uzito mkavu wao haujaguswa kwa miezi mingi.

Pimeni kabla ya kuunganisha mashine, kisha tena kwenye saa ya pili, mgonjwa akiwa amelala vilevile kama mwanzo. Thamani kubwa iko katika kumlinganisha mgonjwa na nafsi yake: mshipa uliokuwa sentimita 1.9 ukafika 1.0 kabla ya nusu ya muda unasema mengi kuliko 1.0 ya mtu ambaye kwa maumbile huwa na mshipa mwembamba. Msipime dakika ileile anapotolewa mashineni mkadhani mmepata ukweli wa uzito mkavu. Maji bado yanarejea mshipani kutoka kwenye tishu, na mshipa huonekana mtupu kuliko ulivyo.

Mapafu yataleta nusu nyingine ya habari. Pafu kavu huonyesha mistari ya mlalo inayojirudia. Pafu lenye maji hutoa mistari myeupe ya wima inayoshuka hadi chini ya kioo na kucheza na pumzi, na kadiri inavyoongezeka ndivyo maji yalivyo mengi. Utaratibu wa watafiti huhesabu mistari hiyo katika sehemu 28 za kifua, ingawa wengi siku hizi hutumia sehemu 8 ili kazi imalizike kabla foleni haijakasirika.

Unganisheni picha hizo mbili. Mshipa ukiwa umelala na mapafu makavu, na presha inashuka kila mara, huenda uzito mkavu umewekwa chini mno: mgonjwa amenenepa, mizani inadhani ni maji. Huyo huongezewa nusu kilo kwa idhini ya daktari, na mara nyingi malalamiko ya misuli kukaza hupungua pia. Mshipa ukiwa umejaa na mapafu yamelowa, lakini presha bado inaporomoka, msikimbilie kumrudishia maji kwa wingi. Tatizo linaelekea kuwa moyo, na anahitaji kuvutwa polepole zaidi kwa saa nyingi. Mshipa uliolala na mapafu yaliyolowa kwa wakati mmoja ndiyo hali ngumu kuliko zote, na hiyo mwiteni daktari bila kujiuliza.

Iko hali moja ambayo ningetaka kila muuguzi wa kituo aifahamu. Ukiwa umeweka kifaa palepale chini ya kidari, kiinamishe kidogo kuelekea moyoni. Ukiona ukanda mweusi umeuzunguka moyo, na mshipa mkuu umejaa usiobana, mgonjwa huyo anaweza kuwa na maji katika mfuko wa moyo, jambo linalotokea kwa wagonjwa wa figo, zaidi kwa wasiosafishwa vya kutosha. Presha yake inaposhuka, kuendelea kumvuta maji kunaweza kumuua. Simamisha uvutaji, mwite daktari. Kwa jambo hili pekee kifaa chenu kimeshalipa gharama yake.

Mniruhusu pia niwapunguzie matarajio kwa utafiti mmoja wa maana. Watafiti wa nchi kadhaa, wakiongozwa na Carmine Zoccali wa Italia, waliwagawa wagonjwa zaidi ya 350 wenye hatari kubwa ya moyo katika makundi mawili, moja likitibiwa kwa kufuata picha za mapafu na jingine kwa njia za kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Asilimia 78 ya waliotibiwa kwa picha walifanikiwa kuondokewa na maji ya mapafuni, dhidi ya asilimia 56 ya wenzao, na njia hiyo ilionekana salama. Lakini tofauti katika lengo kuu la utafiti, yaani vifo, mshtuko wa moyo na moyo kuzidiwa vikijumlishwa pamoja, haikuwa kubwa kiasi cha kutosha kusemwa kwamba si bahati tu. Uchambuzi wa baadaye wa takwimu hizo ulionyesha marudio ya moyo kuzidiwa yalipungua. Mimi nausoma utafiti huo hivi: picha husaidia kulenga, haimalizi vita.

Kuhusu kupoza maji ya kusafishia, ambako najua vituo vingi vinajaribu: kuyashusha chini kidogo ya joto la mwili husaidia mishipa kujikaza, na tafiti ndogo zimeonyesha presha ikishikilia vizuri zaidi. Jaribio kubwa la Ontario, Kanada, lililohusisha vituo 84 na kuchapishwa mwaka 2022, halikuona faida ya kupoza kwa wagonjwa wote kwa pamoja katika vifo na magonjwa ya moyo, na waliopozwa walilalamika baridi zaidi. Kwa hiyo pozeni maji kwa anayeshuka presha, msipoze kwa ukumbi mzima, na blanketi liwe karibu.

La mwisho kwenu: kifaa kikitoka kwa mgonjwa mmoja kifutwe jeli, kitakaswe kwa dawa inayokubaliwa na mtengenezaji, ndipo kiende kwa mwingine. Kituo kinachotenga mashine ya wenye homa ya ini aina ya B kisije kikaupitisha ugonjwa huo kwa kifaa cha simu.

SWALI: Assalaam aleikum, daktari. Nina miaka 67 na nasafishwa asubuhi. Presha yangu ikishuka, mke wangu husema ni kwa sababu sikunywa chai ya maziwa na mahamri kabla, ilhali wauguzi wanasema nisile. Na je, vidonge vya presha nivimeze asubuhi hiyo au niviache? Hiyo ultrasaundi sijawahi kufanyiwa. — Msomaji, Mombasa

JIBU: Waalaikum salaam, mzee wangu. Katika hili mama na wauguzi wote wana sehemu ya haki. Kufika na njaa si vizuri, hasa ukiwa unatumia insulini, lakini chakula kizito ukiwa mashineni, au muda mfupi kabla yake, huvuta damu nyingi kwenda tumboni wakati ambapo mishipa mingine inaihitaji. Kula kidogo mapema ukiwa nyumbani, mahamri mengine yakusubiri ukirudi. Vidonge usiviache kwa uamuzi wako. Mwombe daktari wako akupangie kipi kihamishiwe jioni, kwani baadhi huoshwa na mashine na vingine hubaki mwilini, na si vyote vya kuahirishwa.

Kutofanyiwa ultrasaundi kusikutie hofu. Unayo dalili yako mwenyewe, na hutangulia namba: miayo usiyoielewa, moyo kuchafuka, sauti za wenzako kuanza kusikika za mbali. Mwambie muuguzi hapo hapo, usione haya kwamba unasumbua, maana kupunguza kasi ya kuvuta maji wakati huo ni jambo la kubonyeza kitufe tu. Na siku ambayo presha imeshuka sana, ukifika nyumbani weka vidole juu ya fistula, yaani mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili mashine ipate damu, usikilize mtetemo wake, kwa sababu damu ikipita kwa unyonge mle ndani inaweza kuganda. Ukiukosa mtetemo, rudi kituoni siku hiyo hiyo, usingoje zamu yako.